Siku tano na fremu niliyoiunga mwenyewe: Tanga, Amani, Pangani hadi Kigombe

Mie ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Ngamiani hapa Tanga mjini, chini ya mwarobaini, huu mwaka wa kumi na tisa. Kwa asiyeijua Tanga yetu, hapa baiskeli ni ya kila mtu, ustadhi anaendea msikitini, mama na baibui lake anaendea sokoni, mtoto anapakiwa mbele kwenye bomba la juu anapelekwa madrasa, kwa hiyo kazi haikauki, asubuhi hujafungua sanduku la spana tayari pancha mbili zinakusubiri.

Ila leo nataka kuandika habari ya fremu. Kuna kaka mmoja wa Kigombe, mchuuzi wa samaki, kila alfajiri anafunga tenga nyuma analeta mjini na baiskeli, mzigo wa kilo 50 hadi 60 ukijumlisha na barafu. Fremu yake ilikatika mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara zote tatu ilikatika palepale, miguu ya nyuma, yale mabomba yanayokwenda kushika tairi la nyuma, inapoingia kwenye kikombe cha kreki, pale pedeli zinapozungukia, na mara zote tatu alienda kwa wachomeleaji wa mageti wakampigia fimbo ya umeme, ikashika miezi miwili mitatu afu ikapasuka pembeni ya kovu la mwanzo. Mara ya mwisho alikuja kijiweni anaivuta, tenga kalipakia kwenye bodaboda, akaniambia fundi nichomelee nipate kesho. Nikamwambia kaka hii sikuchomelei tena, maana nikikuchomelea nakuibia hela yako.

Nikamkalisha kwenye benchi nikamweleza. Paipu ya baiskeli ni nyembamba, haifiki hata milimita 2, ukiipiga umeme wa geti unaunguza chuma pembeni ya mshono, pale panakuwa pagumu lakini pakavu kama muhogo uliochacha, mtikisiko ukija pale ndo panapasuka. Afu hilo lilikuwa nusu tu ya tatizo. Tatizo lenyewe ni kwamba tenga lake lilikaa nyuma ya ekseli. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unafanya kazi kama bembea ya watoto, nyuma unashuka, mbele unanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi unacheza, na kila shimo linapigwa palepale kwenye kikombe cha kreki. Na yeye ni mrefu sana, fremu aliyokuwa nayo ya inchi 22, kachomoa bomba la siti mpaka mwisho, kwa hiyo hata mwili wake mwenyewe ulikuwa unaegemea nyuma. Yaani kila kitu kilikuwa kinamvunja mgongo yeye na baiskeli kwa pamoja.

Nikachukua uzi nikampima, kutoka nyonga hadi kisigino, bega hadi ngumi, nikafunga fundo kila kipimo kama alivyonifundisha mzee wangu aliyenipa kazi hii. Yeye alikuwa haamini utepe, alisema utepe unakupa namba lakini uzi unakupa mtu.

Fremu imenichukua wiki tatu, katikati ya pancha. Paipu nimezitoa kwenye fremu mbili chakavu za Raleigh za zamani, chuma kile ukikigonga kinalia kama kengele. Soketi, vile vikombe vya chuma vinavyoshika maungio ya paipu, nimezichemsha nikazitoa taratibu nikazisafisha kwa tupa na msasa mpaka zikawa nyeupe. Mie naunga kwa shaba ya njano na gesi, naweka boraksi kwanza, ule unga wa kusaidia shaba ishike chuma, napasha mpaka chuma kinakuwa chekundu cha kung'aa, siyo cha kiza, afu nagusisha fimbo ya shaba. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi joto 900 hivi na chuma chenyewe kinataka 1,500, kwa hiyo chuma hakiyeyuki, shaba ndo inanyonywa ndani ya soketi yenyewe kama mafuta kwenye utambi wa koroboi. Ukiona inatokea upande wa pili imezunguka mdomo mzima wa soketi, jamani hakuna furaha kama ile, mie mpaka leo nikiiona nasimama kidogo naangalia.

Miguu ya nyuma nikairefusha, ya kawaida ina kama sentimita 50, mie nikaiweka 58, ili tenga likae mbele ya ekseli, uzito ugawane tairi zote mbili. Ukirefusha hapo inabidi kila kitu kifuate, cheni nikaongeza vipande 12, kila kipande nusu inchi, fito za breki ya nyuma nikaziunganisha upya, madigadi nikalikata na kulisogeza. Mbele meno 44, nyuma nikatafuta friwili ya meno 22, kwa hiyo pedeli ikizunguka mara moja tairi linazunguka mara mbili kamili, kama mita 4 na nusu hivi, inatosha kwa mtu mwenye mzigo. Nikapiga uzi kutoka kwenye shingo ya usukani hadi kwenye ekseli ya nyuma, kushoto na kulia, nikapima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, tofauti ilikuwa milimita 1. Nikalala vizuri siku hiyo.

Sasa mie nina utaratibu wangu, fremu mpya sikabidhi mpaka niiendeshe mwenyewe na mzigo. Mtu anaweka riziki ya watoto wake juu ya mshono wako, huwezi kumpa ukamwambia nenda kajaribu. Nikafunga viroba viwili vya mchanga kilo 25 kila kimoja, pampu, spana, spoki kumi, tyubu mbili, solushen, nikaaga nyumbani.

SIKU YA 1, TANGA HADI MUHEZA

Nimetoka saa 11 na nusu alfajiri baada ya swala. Nimepita Kange, wapiga debe wa stendi ndo wanaanza kupiga kelele, nikashika barabara kuu. Hapa hakuna cha kusimulia sana, lami ni nzuri ila malori hayana huruma, ukisikia honi nyuma unashuka pembeni kwenye changarawe na kurudi, na kule kushuka na kupanda ukingo wa lami kwangu ni faida maana ndo kipimo cha foki na shingo. Mbele imetulia. Nikaachia mkono mmoja, imetulia. Na mzigo wa kilo 50 nyuma usukani haukucheza hata mara moja, nikasema alhamdulillah zile sentimita 8 hazikupotea bure.

Baada ya Pongwe reli inakuwa inaonekana na kupotea, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Mzee wangu alikuwa kwenye karakana ya reli kabla hajafungua kijiwe, kuunga kwa shaba alijifunzia kule, kwenye mabomba ya mvuke. Huwa nikiona reli namkumbuka.

Muheza nimefika saa 4 na kitu, kilomita 35 na ushee. Mwezi wa 7 Muheza ni machungwa mtindo mmoja, yamerundikwa mpaka kwenye vizingiti vya maduka. Pale jirani na stendi kuna kijana ana kijiwe, kaniona nakagua mishono akaja mwenyewe.

"Shikamoo mjomba, hii umenunua wapi?"

"Marahaba. Sijanunua, nimeunga."

Akapiga magoti kabisa akaangalia chini ya kikombe cha kreki. Akasema mbona hakuna kovu la fimbo. Nikamwonyesha mdomo wa soketi, ule mstari mwembamba wa njano, nikamwambia mshono wenyewe upo ndani. Naye akanitolea fremu aliyoichomelea kwa umeme wiki mbili nyuma, nikamwonyesha kwa kucha mstari mwembamba kama unywele pembeni ya chomeo, tayari ilikuwa imeanza. Kijana akanyamaza. Akasema mjomba mie mtungi wa gesi nitautoa wapi, welding ya umeme naazima kwa jirani. Hilo swali ni la kweli na sikuwa na jibu jepesi, gesi ni ghali, oksijeni inafuatwa mjini, mtu anayelipwa elfu moja kwa pancha ataununua lini. Nilichomwambia ni hiki, kama huna gesi basi usichomelee paipu kichwa kwa kichwa, tafuta kipande cha paipu nyembamba kinachoingia ndani, kichomeke kama mfupa, afu choma vidoti vidogo vidogo upande huu na ule uache ipoe yenyewe, usimwagie maji. Kumwagia maji ndo kosa kubwa la mafundi wetu, chuma kinashtuka. Nimelala kwao, mama yake kapika bada na samaki wa nazi, Mungu ambariki.

SIKU YA 2, MUHEZA HADI AMANI

Nimeipanda Amani kwa makusudi. Kigombe ni tambarare, huyu kaka hatapanda mlima kamwe, ila fremu ukitaka kuijua ikanyagie mlimani, pale unapokuwa umesimama juu ya pedeli unavuta usukani, fremu dhaifu unaisikia inajikunja, cheni inagusa kava inatoa sauti chwa chwa chwa.

Hadi Kisiwani ni njia ya kawaida, mashamba, watoto wananikimbilia wanaulizia mzigo. Kuanzia Zigi mambo yanabadilika. Msitu unafunga juu, hewa inakuwa baridi, njia inajikunja na kujikunja na mawe yametokeza. Mto Zigi unausikia chini, mto huohuo ndo unaojaza bwawa la Mabayani tunalokunywa maji sie wa mjini, nikajaza chupa kwenye kijito nikasema leo nayanywa kabla hayajachoka.

Kupanda na kilo 50 kwa gia moja, vipande vya kwanza nilikanyaga, baadaye nikasukuma, nikakanyaga, nikasukuma, na ukweli nimesukuma zaidi. Kutoka Muheza mpaka Amani unapanda kama mita 700 hivi. Nilichokuwa nasikiliza ni cheni, haikugusa kava hata nilipokanyaga kwa nguvu zote, yaani kikombe cha kreki hakiyumbi. Na nimegundua kitu ambacho sikukifikiria kijiweni, baiskeli ndefu ukiisukuma na mzigo inakuwa tamu zaidi, tenga halikugongi nyonga maana kuna nafasi ya kutembea kati ya pedeli na mzigo. Hilo nimelihifadhi kichwani.

Amani nimefika alasiri, nimechoka mpaka mikono inatetemeka. Shemeji yangu anafanya kazi za chai huko, nikapewa chai ya iliki, iliki yenyewe imechumwa nyuma ya nyumba, na blanketi mbili. Sie watu wa pwani mwezi wa 7 huku juu hatuuwezi.

SIKU YA 3, KUSHUKA

Hii siku ndo nimejifunza zaidi, na ndo niliyoogopa zaidi.

Usiku mvua imenyesha, asubuhi manyunyu. Baiskeli zetu hizi breki ni za fito, unavuta chini ya usukani, fito inanyanyua raba inabana ringi kwa ndani. Ringi ni chuma kilichopakwa kromu. Ikiwa kavu inashika vizuri kabisa, ikilowa raba inateleza juu ya maji kama sabuni, unavuta breki na baiskeli inaendelea kama hujafanya kitu. Kila fundi analijua hili, lakini kulijua umekaa kwenye benchi na kulijua ukiwa kwenye kona ya Amani na kilo 50 mgongoni ni mambo mawili.

Nilichofanya, sikungoja mpaka nihitaji kusimama. Nilikuwa nabana kidogo tangu juu, muda wote, ili raba ifute maji kwenye ringi, na kabla ya kila kona nimeshapunguza. Hata hivyo kuna kona moja nilivuta zote mbili kwa nguvu zote na iliendelea kunipeleka, nikaweka miguu yote chini, soli ikalia kwenye mawe, nikasimama hatua tatu toka kwenye ukingo. Nilikaa pale chini muda. Nikafikiria baiskeli ngapi nimezitoa kijiweni nikasema breki poa kwa kujaribu kwenye lami kavu mbele ya duka.

Njia ya chini kidogo nikamkuta babu mmoja anashusha ndizi, mikungu minne, breki ya mbele hana kabisa, ya nyuma anakanyaga tairi kwa kandambili. Kandambili imeliwa mpaka kidole kinakaribia kugusa tairi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hapo kwema?"

"Kwema. Babu naomba dakika kumi za baiskeli yako."

Alisita, alifikiri nataka hela. Nikatoa kipande cha tairi la gari ambacho huwa natembea nacho, nikakata raba mbili kwa kisu, nikazichana mistari midogo kwa msumeno ili maji yapate pa kupita, nikafunga kwenye vishikio vyake vya zamani ambavyo vilikuwa vipo tu vimeshika kutu. Raba ya tairi la gari kwenye ringi iliyolowa inashika kuliko zile nyeusi ngumu za dukani, hili nalisema kwa uzoefu wangu. Fito ya mbele nikainyoosha kwenye jiwe. Alijaribu hatua chache, akabana, baiskeli ikasimama, akageuka akaniangalia bila kusema kitu. Akakata chana zima la ndizi akaniwekea juu ya kiroba. Nikafunga na mie zangu raba za tairi palepale kabla ya kuendelea, na hizo ndo zilizokwenda Kigombe.

Kutoka Zigi mpaka Muheza jua likatoka, nilishuka naimba.

SIKU YA 4, MUHEZA HADI PANGANI

Kilomita 45 hivi, njia ya vumbi kwa sehemu kubwa, mkonge kushoto mkonge kulia, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Hii njia ina mawimbi ya vumbi gumu, yale makwaru ya matipa, unatikisika mpaka meno. Spoki ya kwanza imekatika saa 3, upande wa friwili, kwenye kiwiko. Hiyo haikunishtua, gurudumu la nyuma lina spoki 40 na zile za upande wa friwili zimesimama wima zaidi zimevutwa zaidi, ndo zinazokufa kwanza siku zote. Nikatoa friwili, nikaingiza nyingine, nikanyoosha ringi kwa kuangalia raba ya breki, dakika 20.

Kilichonishtua ni sauti. Baada ya kama saa nzima nikaanza kusikia tiki, kila nikipita kishimo, tiki, toka nyuma. Moyo ukashuka. Nikasimama chini ya mwembe, nikashusha viroba, nikaanza kukagua kimoja kimoja. Kwanza kota pini za kreki maana ndo zinazolia mara nyingi, zimekaza. Siti, imekaza. Habu haichezi. Kwa hiyo ikabaki fremu.

Sasa hapa kuna kitu nataka vijana wakishike. Ufa wa fremu mara nyingi huuoni kwa macho. Nilikwenda duka la jirani nikanunua mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko, nikapaka kwenye mishono yote ya nyuma nikasubiri, afu nikafuta kavu kabisa kwa kitambaa, nikapaka vumbi la chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yanatoka taratibu yanalowesha chaki, unaona mstari mweusi umejichora wenyewe. Nikakaa nikangoja. Kikombe cha kreki, safi. Soketi ya siti, safi. Miguu ya nyuma, safi. Nikafika kwenye kile kisikio kidogo cha kushikia mguu wa keria upande wa kushoto, mstari ukajichora.

Nikakishika kwa koleo nikavuta, kikatoka chote. Kimebanduka kama kiraka cha pancha kisichopigwa msasa. Na chini yake kulikuwa na kutu, kutu ya kahawia ya zamani, shaba imekaa juu yake tu haikushika chuma. Kosa langu hilo. Soketi kubwa nilizisafisha mpaka nikaona sura yangu, kile kisikio nikasema ni kidogo, nikakipitishia msasa harakaharaka maana ilikuwa jioni na watu wanasubiri pancha zao. Kitu kidogo lakini ndo kinachobeba tenga. Kingemtoka yule kaka saa 10 alfajiri gizani, keria inalala upande mmoja, tenga linaingia kwenye spoki, na nyuma kuna basi.

Nikanunua kamba ya katani nikafunga keria kwenye fremu, nikazungusha kama mara kumi na kukaza kwa kijiti. Katani hiyohiyo ya mashamba yaliyonizunguka. Mkonge nchi hii ulianzia upande huu huu, ng'ambo ya mto Pangani pale Kikogwe, mwaka 1893, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, mistari yote hii imetokana na hiyo 62. Kamba ilishika mpaka Pangani bila kulegea.

Nimeingia Pangani magharibi. Kivuko kilikuwa kinarudi toka Bweni, baiskeli zimejaa na nazi zimening'inia, nikasimama kuzikagua keria zao zote, safari hii naangalia visikio.

SIKU YA 5, PANGANI HADI KIGOMBE

Asubuhi nimetafuta gesi. Kuna gereji ndogo, mwenyewe mtu mzima mstaarabu, nilipomweleza akaniambia mwanangu chukua chombo fanya kazi yako, utalipia gesi utakayotumia basi. Nikapiga tupa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafuta, nikapiga tena, kisikio nacho hivyohivyo pande zote, boraksi, moto mdogo. Shaba ilipozunguka nikashusha pumzi. Afu nikavirudia visikio vingine vyote vitatu hata ambavyo havikuwa na tatizo, nikavitoa nikaviunga upya. Mwenye gereji akauliza mbona unabomoa kizima. Nikamwambia nilivifanya siku moja na kile kibovu.

Kikapoa chenyewe. Nikapakia mchanga nikaruka nao juu ya ukingo wa barabara kama mara ishirini, watu wa Pangani wanaangalia. Kimya. Mafuta ya taa na chaki tena. Kimya.

Kuelekea Kigombe upepo wa kusi ulikuwa mgongoni, ulinisukuma njia nzima, minazi yote imeinama kule ninakokwenda. Nimefika adhuhuri. Yule kaka alikuwa anatengeneza tenga nje ya nyumba yake, akasimama. Nikamwaga mchanga kwenye shimo la njia mbele ya nyumba yao, nikampa usukani.

Sikumsifia kitu. Nilimweleza kisikio kilichotoka na kwa nini, nikamwonyesha mahali, nikamwambia kila Ijumaa apitishe kitambaa hapo aangalie, na akisikia sauti yoyote asiiendeshe, anipigie nitakuja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akapanda. Miguu ikanyooka vizuri, kisigino kwenye pedeli na goti limenyooka, mgongo umesimama, mara ya kwanza namwona amekaa kama mtu mzima kwenye baiskeli. Akazunguka mpaka ufukweni akarudi na tenga tupu, akaenda tena na tenga lenye samaki wa jirani, akarudi anaendesha mkono mmoja.

"Fundi, mbele haichezi."

"Haichezi."

"Haichezi kabisa!"

Mkewe akatuletea mihogo na papa wa kukaanga. Tukiwa tunakula akaja mama mmoja jirani, anakaanga samaki anauza mpaka Tongoni, ndoo mbili na kapu anabeba kichwani. Alikuwa anaizunguka ile baiskeli muda mrefu, anashika keria, anaangalia bomba la juu. Akasema, mwanangu, mie nna gauni na baibui, hili bomba siliwezi, na baiskeli za kike za dukani nikiweka ndoo nyuma zinajikunja katikati kama kambale. Unaweza kunitengenezea isiyokuwa na bomba la juu lakini isijikunje?

Nikafikiria. Fremu ya kike inajikunja maana bomba la juu ndo linaloibana pembetatu, ukilitoa lazima kitu kingine kifanye kazi yake. Mabomba mawili membamba yashuke sambamba toka kwenye shingo, yapite pembeni ya bomba la siti mpaka kwenye ekseli ya nyuma bila kukatika. Na ndoo moja ikae mbele, juu ya fremu yenyewe na siyo kwenye usukani.

Nikamwambia mama, inawezekana, simama hapa kwenye kivuli. Nikatoa uzi. Nyonga hadi kisigino, fundo. Bega hadi ngumi, fundo. Urefu wa ndoo, fundo. Akauliza sasa hela ngapi, nikamwambia nikifika nitapiga hesabu ya paipu nikutumie ujumbe, na utalipa kidogo kidogo.

Nimerudi mjini na kosta ya jioni, sanduku la spana miguuni. Uzi nimeuzungusha kwenye vidole taratibu, mafundo yasije yakafunguka kabla ya Ngamiani.